Nyasi Zinarudije Kwenye Kinamasi cha Pwani? Somo Kabla Hatujachanga



Kwa wale waliokuwepo kwenye mkutano wa Februari, mimi ndiye niliyesimama nikaomba kura ya mchango wa mikoko iahirishwe. Baadhi yenu mliguna, na mwenzetu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Mainjinia nao kwa kuchelewesha!" Niliahidi kuandika maelezo. Basi haya hapa. Yataanzia mbali kidogo, kwenye matope ya hapa hapa Rhode Island, halafu yatafika Tanga. Mnivumilie, maana bila kuyapitia ya huku, ya kule hayataeleweka.

Kwa wasiokuwepo: kamati ya kijiji cha mama yangu, kaskazini ya mji wa Tanga, imetuomba dola 1,200 za kununua miche ya mikoko na kuwalipa vijana wa kuipanda. Mahali penyewe ni uwanda mtupu ulioko nyuma ya hori, mpana kama viwanja viwili vya mpira, ambao haujaota mti tangu mimi nipate akili. Ombi ni zuri na watu walioliandika nawaheshimu, wawili kati yao ni wajomba zangu. Tatizo ni kwamba uwanda ule naujua. Mwaka 2011 nilipanda pale kwa mikono yangu. Nilikuwa kidato cha pili, ulikuja mradi mmoja, tukapewa fulana na soda, tukapigwa picha, tukapanda siku mbili. Ilipofika Machi iliyofuata hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama. Si kwamba ilibaki michache, hapana, hata mmoja!

Kwa miaka mingi niliamini tulichoambiwa, kwamba wanakijiji hawakuitunza. Siku hizi siamini tena, na sababu nimeipata huku kwenye baridi.

Mkeka wa mabua

Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, upande wa maji. Utafiti wangu ni jinsi maji yanavyopita ndani ya udongo wa kinamasi, yaani hesabu na kompyuta. Majani sikuja kuyasoma kabisa. Lakini wiki ya pili tu profesa akaniambia, kabla hujafungua programu yoyote, vaa mabuti twende ukaone. Tukaenda kando ya ghuba ya Narragansett.

Kinamasi cha pwani cha huku hakina mikoko, baridi haiiruhusu. Ni mbuga ya nyasi. Ukiitazama kwa mbali mwezi wa tisa utadhani ni mpunga wa Rufiji uliokaribia kuvunwa. Ukiingia ndani ndipo unaona kwamba nyasi zimejipanga kwa mikanda. Karibu na maji kuna spatina ndefu, ambayo hufunikwa na bahari kila siku. Juu yake kuna spatina fupi, laini, imelala chini kama nywele zilizochanwa. Juu zaidi kuna mmea mwembamba mweusi-mweusi ambao wataalamu wanauita Juncus gerardii, nami nitauita nyasi nyeusi. Huko juu maji hayafiki kila siku. Yanafika wakati wa bamvu tu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Maji mafu huishia chini.

Sasa, kila mwaka mbuga hii inajeruhiwa. Wakati wa baridi barafu inavunja mabua makavu ya spatina ndefu. Bamvu la majira ya kuchipua linayanyanyua, linayakusanya, linakwenda kuyatua juu kwenye nyasi fupi, yakiwa yamesukana kama mkeka mzito. Chini ya mkeka ule hakuna jua. Mkeka ukikaa palepale miezi kadhaa, kila kilichokuwa chini yake kinakufa. Halafu bamvu jingine linakuja, linaunyanyua mkeka na kuupeleka kwingine, na pale ulipolala panabaki kiraka cheusi cha tope tupu, umbo lilelile la mkeka.

Profesa akanisimamisha mbele ya kiraka kimoja, mrefu wake kama daladala, akaniuliza: nani ataota hapa kwanza?

Nikajibu bila kufikiri, mbegu za jirani. Hebu fikirini wenyewe. Pembeni pote kuna nyasi zenye afya, mbegu zinamwagika, hapa katikati ni wazi, jua tele, hakuna wa kushindana naye. Kiwanja cha wazi Dar es Salaam kinakaa siku ngapi kabla hakijapata wenyewe? Profesa akacheka, akachota tope, akakamua maji yake kwenye kifaa kidogo cha kupimia chumvi, akanipa niangalie.

Maji ya bahari kwa kawaida yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji ya ndani ya tope lile yalizidi mara mbili.

Shamba la chumvi

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu mkubwa, ambaye amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi tangu ujana wake. Wanaojua kazi ile wanajua: unayaacha maji ya bamvu yaingie kwenye majaruba, unayafungia, unaliachia jua. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Huna haja ya moto wala mashine.

Kiraka kitupu cha kinamasi ni shamba dogo la chumvi ambalo halina mwenyewe. Palipokuwa na nyasi, udongo ulikuwa na kivuli na maji yalikauka polepole. Nyasi zikishakufa jua linapiga tope moja kwa moja. Maji yanavutwa kutoka chini kuja juu, yanakauka, na kila siku yanaacha chumvi yake pale juu. Bamvu likija linaosha kidogo, lakini kati ya bamvu na bamvu kuna siku nyingi za jua. Mbegu ikianguka pale inakuta chumvi imekaa juu kabisa, mahali penyewe inapotakiwa kuchipua. Haifiki popote.

Haya hayakuwa mawazo ya profesa wangu tu. Rhode Island ni moja ya sehemu ambazo jambo hili limechunguzwa kwa undani, hasa na Mark Bertness wa Chuo Kikuu cha Brown pamoja na wanafunzi wake, kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 1992 yeye na Scott Shumway walionyesha kwamba kinachozuia miche ya mbegu kwenye viraka hivi ni chumvi. Walipomwagilia maji baridi, miche ikaongezeka. Na mwaka 1994 wakaonyesha jambo ambalo kwangu mimi injinia lilikuwa zito kuliko yote: ukubwa wa kiraka una kazi yake. Kiraka kidogo kinapata kivuli cha majirani, hakikusanyi chumvi sana, kinazibika kirahisi. Kiraka kikubwa katikati yake ni jua mwanzo mwisho, chumvi inapanda juu zaidi, na njia ya kurudi kwa mimea inakuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "eneo ni lilelile, ni kubwa tu zaidi", usikubali haraka.

Anayetangulia

Sasa nani anaingia? Kuna wawili. Mmoja ni salikonia, kimmea kinene kisicho na majani ya kuonekana, kama vidole vya mtoto, kinageuka chekundu wakati wa vuli. Hiki kinaweza kuota kwa mbegu hata kwenye chumvi. Wazungu wanakila, nami nimekionja, ni sawa na kutafuna kachumbari iliyozidi chumvi. Kinaishi mwaka mmoja kisha kinakufa.

Wa pili ndiye mwenye kazi. Jina lake la kitaalamu ni Distichlis spicata, nami nitamwita nyasi chumvi. Ukimwona hana sifa. Ni mfupi, mgumu, majani yanachoma mguu, na penye udongo mzuri wenzake wanamfukuza. Lakini ana mbinu. Hategemei mbegu. Anatuma shina chini ya ardhi, kama ukoka unavyofanya kwenye uwanja wa mpira, na shina hilo linatoka ukingoni, linaingia ndani ya kiraka, linachomoza jani hapa, hatua mbele linachomoza jingine, mstari ulionyooka kama umepigwa kamba. Majani yale ya mbele yamesimama kwenye chumvi ambayo ingemwua mche wowote mchanga, lakini yenyewe hayako peke yake. Yanaletewa maji na mama yaliyemwacha nyuma, kwenye udongo mwema. Shumway alilichunguza hili na kulichapisha mwaka 1995: ukikata lile shina la chini, yaani ukimtenga mtoto na mama, yule wa mbele anadhoofika.

Niliposoma hapo niliweka karatasi chini kidogo. Wangapi kati yetu hapa ada ya mwaka wa kwanza ililipwa na shamba la mtu fulani nyumbani? Lakini tuendelee, hili ni somo la majani.

Nyasi chumvi wakishajaa kidogo, wanatia kivuli. Tope linapoa, maji hayakauki kwa kasi ile, bamvu na mvua zinapata nafasi ya kuosha, chumvi inashuka. Hapo sasa ndipo spatina fupi na nyasi nyeusi wanapoingia, wale wasioweza kabisa kuanza wenyewe. Wanaingia wakiwa chini ya kivuli cha mwenzao. Na wakishaota vizuri wanamfanya nini? Wanambana, wanamzidi, wanamtoa. Baada ya miaka michache kiraka kimejifunga, ukipita hutajua palikuwa na kidonda, na nyasi chumvi ameshahamia kiraka kingine. Maisha yake yote ni kutangulia na kufukuzwa.

Zamani wanaikolojia wengi walikuwa wanahesabu ushindani tu: nani anamnyima nani jua, nani anamnyima nani maji. Kazi ya Bertness na Shumway ya mwaka 1993 ilisaidia kugeuza mjadala. Walichukua viraka, wakawaondoa majirani katika baadhi na kuwaacha katika vingine, halafu baadhi wakavimwagilia maji yasiyo na chumvi. Kwenye viraka vikavu vyenye chumvi kali, nyasi nyeusi alifanya vizuri zaidi akiwa na majirani kuliko akiwa peke yake. Kwenye viraka vilivyomwagiliwa mambo yakageuka, majirani walewale wakawa washindani wake. Mimea ni ileile, udongo ni uleule. Kilichobadilika ni ugumu wa maisha.

Msidhani hii ni kanuni ya kila mahali. Mwaka 2002 Bertness na mwenzake Ewanchuk walilinganisha vinamasi vya kusini ya Cape Cod na vya kaskazini yake. Kaskazini, ambako jua ni dogo na chumvi haipandi sana, kusaidiana kulipungua na ushindani ukatawala. Hapo mimi nikapiga hesabu ya haraka: basi kwetu kwenye jua la ikweta kusaidiana kutakuwa kukubwa maradufu! Nikaandika hivyo kwenye ripoti, profesa akanirudishia na alama nyekundu. Kumbe mwaka 2003 wengine walishajaribu kusini zaidi hapa Marekani, kwenye joto kali na chumvi nyingi, na msaada haukuongezeka kama walivyotegemea, kwa sababu mimea ya kule yenyewe imezoea chumvi. Yaani huwezi kuchukua jibu la Rhode Island ukalibeba kwenye sanduku hadi Tanga. Unaweza kubeba swali tu: hapa kinachoua ni nini, na nani anaweza kukivumilia kwanza?

Kimo cha ardhi

Kabla hatujaondoka Marekani, jambo moja linalonihusu zaidi mimi wa maji. Haya yote ya kutangulia na kufuatiwa yanawezekana ikiwa ardhi imebaki kwenye kimo chake. Vimbunga vya Katrina na Rita mwaka 2005 viligeuza zaidi ya kilomita za mraba 500 za ardhi ya pwani ya Louisiana kuwa maji. Palepale palipong'olewa udongo wenyewe, nyasi hazikuwa na mahali pa kurudi, hata ziwe hodari vipi. Na hata huku Rhode Island, bahari inavyopanda, mimea ya mkanda wa juu imekuwa ikipungua na spatina ndefu inayovumilia maji inapanda kuchukua nafasi yake.

Ardhi ikishuka sana ni tatizo. Ikipanda sana pia ni tatizo, na hili ndilo la kwetu.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 wengi wenu mnazikumbuka au mmesimuliwa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka miwili. Kule Kenya, kwenye hori la Mwache karibu na Mombasa, mafuriko yale yalishusha udongo mwingi kutoka bara ukaifunika mizizi ya mikoko, na sehemu kubwa ikafa. Wataalamu wameliandika sana. Mkoko hauwezi kuvuta hewa kwenye tope, kwa hiyo mizizi yake inapumua kwa juu. Mchu, kwa mfano, una vile vijiti vinavyochomoza kama penseli zilizochomekwa ardhini. Ukivifunika kwa mchanga umeuziba mti pua.

Nilimpigia mjomba kumwuliza kuhusu uwanda wetu. Naandika mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Huko theluji?"

"Theluji mjomba. Nauliza ule uwanda nyuma ya hori, zamani palikuwa na nini?"

"Palikuwa na michu, mikubwa. Mimi nimekata fito pale. Ile mvua ya El Niño ndiyo iliyoleta mchanga, hori likaziba, michu ikakauka imesimama."

"Na maji yanafika siku hizi?"

"Bamvu kubwa tu. Yanafika, yanatuama, yanakauka. Kaskazi ikivuma unaona pameng'aa pale juu, peupe. Hata sisi tulifikiria kuchimba majaruba pale, tukaona ni mbali na barabara."

Mnaona wenyewe. Watu wa chumvi walipaangalia wakaona panafaa kwa chumvi. Mradi ukaja na fulana ukaona panafaa kwa miti.

Nikamwuliza, je, hakuna kinachoota kabisa? Akasema kuna yale majani yanayotambaa, manene, shina jekundu, ukitafuna yana chumvi, yanatoka ukingoni kuingia ndani. Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Si yaleyale mliyoyafyeka siku ile ya kupanda? Yalikuwa yamefika mbali."

Ni kweli. Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya miche kufika, tuliambiwa tusafishe eneo. Tuligawiwa majembe. Tuliyang'oa majani yale yote tukayarundika pembeni, ili picha zitoke vizuri na miche ipate nafasi. Mimi nilikuwa hodari wa jembe, nilisifiwa mbele ya wenzangu. Mimea ile ilikuwa imechukua zaidi ya miaka kumi kusogea kutoka ukingoni, hatua kwa hatua, na sisi tukaiondoa kabla ya chai ya saa nne.

Mmea ule unaitwa kitaalamu Sesuvium portulacastrum. Unaota pwani za joto karibu duniani kote, pamoja na zetu. Na hapa somo la Rhode Island na la kwetu yanakutana kweli, maana mwaka 2007 Karen McKee na wenzake walichapisha utafiti kutoka visiwa vya Twin Cays, nchini Belize, mahali ambapo mikoko ilikuwa imeondolewa. Waliangalia mimea midogo miwili iliyotangulia kurudi. Mmoja ni huu wetu wa shina jekundu. Wa pili ni nyasi chumvi, yuleyule Distichlis wa huku kwenye baridi! Wakaona kwamba mimea hii inawasaidia mikoko: inazinasa mbegu zinazoelea zisirudi na maji, inazishika zisimame, inapoza udongo na kuufanya uwe mwema zaidi kwa mizizi. Mche ulioanguka katikati ya majani yale ulikuwa na nafasi nzuri kuliko ulioanguka penye tope tupu.

Tuchange nini basi?

Wengine mtasema, tupande mingi, itakayokufa ife, itakayobaki ibaki. Ufilipino walifanya hivyo kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi sana. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 na Primavera na Esteban ilikuta kwamba miche iliyoishi kwa muda mrefu ilikuwa kama asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa kupanda aina isiyofaa mahali pasipofaa. Kwa Florida, marehemu Robin Lewis alitumia maisha yake kusisitiza kwamba mara nyingi ukiyarudisha maji kwenye njia yake, mikoko inakuja yenyewe bila kupandwa. Ni kauli tamu kwa injinia, nakiri, kwa hiyo nimejilazimisha kuitilia shaka mara mbili.

Pendekezo langu ni hili. Dola 1,200 zitoke, lakini zisinunue miche. Kwanza kabisa kibali, maana misitu ya mikoko Tanzania bara ni hifadhi ya serikali na hatuwezi kuchimba hata shimo bila ruhusa. Pili, tupime kimo. Haihitaji vifaa vya gharama, ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi na vijiti vilivyotiwa alama siku ya bamvu na siku ya maji mafu vinatosha kujua maji yanafika wapi na mara ngapi. Tatu, hori lililoziba. Kama vipimo vitaonyesha kwamba mchanga ndio unaozuia maji, vijana walipwe kuchimba mfereji mwembamba kufuata njia ya zamani, ambayo mjomba anasema bado inaonekana, ili maji yaingie na muhimu zaidi yatoke. Maji yanayotuama ndiyo yanayopika chumvi. Sehemu kubwa ya fedha iende hapa.

Majani yanayotambaa yasiguswe. Nasema tena kwa sababu najua picha zikipigwa mtu atataka "kusafisha". Tena mbuzi wazuiwe. Miche tutakayoweka, kama tutaweka, iwe ya mchu, kwa kuwa ndio unaovumilia chumvi zaidi na hata kuitoa kupitia majani yake, nao uwekwe ukingoni, ndani ya majani yale, kidogo kidogo kuelekea ndani. Mbegu zake zinaokotwa bure msimu wake. Mikoko yenyewe, ile ya mbegu ndefu kama kalamu tuliyopanda 2011, mahali pake ni chini karibu na hori, si pale juu. Katikati ya uwanda paachwe kwa sasa.

Najua haipendezi. Mwaka wa kwanza hatutakuwa na cha kuwaonyesha wafadhili zaidi ya mfereji na majani ambayo watu wanayaona magugu. Mwenyekiti ameniuliza tutaweka picha gani kwenye toleo lijalo, na sina jibu. Inawezekana pia nimekosea mahali, uwanda si kiraka cha Rhode Island, na ndiyo maana nataka vipimo vije kabla ya fedha.

Vya kwanza vimeshaanza kuja. Desemba nilimtumia mjomba kile kifaa kidogo cha kupimia chumvi kwa mkono wa rafiki aliyekuwa anakwenda likizo, kile unachoweka tone la maji ukaangalia kwenye mwanga. Nikamweleza kwa simu namna ya kukamua tope kwa kitambaa. Wiki iliyopita, kaskazi ikiwa bado kali, alipima sehemu tatu. Ndani ya hori mstari ulisimama palepale pa bahari. Ukingoni, chini ya majani mekundu, ulipanda juu ya bahari lakini ukasomeka. Katikati ya uwanda uliruka ukatoka nje ya kipimo, akadhani amekiharibu, akakiosha akarudia mara tatu.

Kura ni Jumamosi baada ya chakula. Mwenye swali anitafute kabla, na atakayetaka kuona kiraka cha nyasi chumvi kwa macho yake, natoka Ijumaa asubuhi, mabuti ya ziada ninayo namba nane na namba kumi. Mjomba naye anauliza kama kifaa akirudishe au abaki nacho, maana wenzake wa mashamba ya chumvi wameshakiona na wanataka kukinunua.